Nakala ya Tandika

Bi Kidawa Mbonde alikabidhiwa kazi na funguo tatu,
mmoja haukufungua chochote.
Maktaba ya Tandika: chumba na nusu nyuma ya ofisi ya kata,
upande huu mashine ya kusaga, upande ule fundi redio,
na bango lake la KIMYA TAFADHALI
ambalo mashine haikujua kulisoma.

Mimi nilikuja baadaye, kupiga mihuri.
Alinifundisha kwanza kunusa:
kitabu kilicholala jikoni, kitabu kilicholowa mvua,
kitabu kilichosomwa chini ya shuka kwa kibatari.
Huyo wa kibatari, aliniambia, usimtoze faini
hata akichelewa mwezi.

Hadithi zilirudi bila kurasa za mwisho.
Karatasi ni karatasi; wapo waliofungia karanga,
na mwenye njaa ya karanga haulizi sungura aliishia wapi.
Watoto wakaja mezani: Bi Kidawa, hiki kimeisha vibaya,
kimeishia kwenye "lakini".
Basi akachukua karatasi za ripoti, upande mweupe,
akaandika mwisho kwa mkono, akabandika kwa uji wa muhogo.
Mende waliipenda gundi ile. Akaandika tena,
na mara ya pili fisi hakufa.

Hivyo ndivyo alivyoanza kutunga:
kwa upungufu wa kurasa.

Mwaka mmoja yakaja maboksi ya msaada,
ndani yake hadithi ileile, nzima, na mwisho wake wa kiwandani.
Sharifa Ngwele, darasa la nne, aliisoma amesimama,
akairudisha na uso wa mtu aliyepunjwa chenji:
"Hiki wamekosea."

Mashairi aliyaandika nyuma ya kadi za katalogi
zilizostaafishwa kompyuta ilipokuja,
kompyuta ambayo wiki tatu baadaye ilistaafu yenyewe.
Ninayo kadi moja. Mbele: Ufugaji wa Nyuki, 638. Nyuma:

     Umeme umekatika, kitabu hakikuzima,
     Feni nayo imechoka, darini imesimama,
     Mtoto hajaondoka, dirishani anasoma,
     Saa kumi imefika, kufunga naona noma.

"Noma" alilikopa kwa vijana wa dirishani.
Alisema atalirudisha. Mpaka leo.

Kitabu chake cha picha alichorewa na Zuberi wa Keko,
mchoraji wa mabango ya vinyozi;
ndiyo maana kila mtoto humo amenyolewa vizuri,
hata kunguru ana panki.
Mchapishaji alitaka mfereji wa maji machafu
uondoke ukurasa wa tisa.
Bi Kidawa alimjibu kwa barua ya mstari mmoja:
Kunguru ataoga wapi?
Mfereji ulibaki. Malipo yalikuja: nakala arobaini na ahadi.

Nakala moja aliipanga rafuni mwenyewe, akaiandikia namba,
akatazama pembeni kama aliyeketi kwenye kiti cha bosi.
Ikaazimwa. Ikachelewa.
Ikarudi haina ukurasa wa mwisho.

Nilidhani atacheka. Alipandisha miwani,
akamtoza yule mvulana shilingi mia mbili, akamkatia risiti.
Jioni akaketi na karatasi ya ripoti
aunakili mwisho wake mwenyewe, na mwisho ukamkimbia.
Nyumbani alikuwa na nakala nyingine thelathini na kitu.
Hakwenda kutazama.
Mashine ya kusaga ilinyamaza. Akaandika mwingine.

Sasa amestaafu, yuko Chanika, anafuga bata,
na bata, anasema, hawarudishi kitu.
Kunguru wake anajulikana; shule kadhaa zinaye,
na mwishoni anarudisha kijiko alichoiba.
Ila nakala ya Tandika, rafu ya chini, karibu na mlango,
ile inayonuka uji kabla hujaifungua,
kijiko hakirudi.
Haiazimwi. Njoo uisomee hapahapa.
Tunafunga saa kumi,
lakini